Mzigo Waja Leo, Waondoka Leo: Mwongozo Kamili wa Kuugeuza Uwanja wa Ndege wa Tanga Kuwa Kituo cha Mizigo cha Kanda

Kila ninapoletewa andiko la kuufanya uwanja wa ndege wa Tanga kuwa kituo cha mizigo, nafungua ukurasa wa kwanza nikijua nitakachokikuta: njia ya kurukia irefushwe. Ukurasa wa pili una picha ya ndege kubwa iliyochorwa kwa kompyuta. Mzigo wenyewe hutajwa mwishoni kabisa, kwa aya moja: "Mkoa wetu umebarikiwa samaki, viungo, matunda na mboga." Andiko linarudishwa, kikundi kinavunjika moyo, na baada ya muda kikundi kingine kinaandika lilelile.

Mwongozo huu ni wa hao wanaorudishiwa: vyama vya ushirika, wafanyabiashara, madiwani, na vijana wenye kampuni za usafirishaji. Nilifanya kazi kwenye ghala la mizigo ya ndege Dar es Salaam kabla ya kurudi nyumbani, kwa hiyo naandika nikiwa upande wa mizani, sio upande wa mchora ramani. Mpangilio wangu utawaudhi wengine: mzigo kwanza, kisha lori, kisha ndege ndogo, na lami mwisho kabisa.

## Kabla ya kuanza, kuwa na hivi

- Mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, pamoja na futi kamba. Futi kamba utaitumia kuliko unavyodhani.
- Daftari kubwa la mistari. Jedwali la kwenye simu linafaa pia, ila mwaloni, samaki wanaposhushwa, mikono ina maji.
- Vipima joto vinavyorekodi, vile vidogo vya kutumbukiza ndani ya boksi. Vitano vinatosha kuanzia.
- Ramani ya uwanja yenye mipaka, na kumbukumbu za joto na upepo kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa.
- Wakala wa forodha mwenye leseni, na wakala wa mizigo ya ndege aliyezoea vitu vinavyooza. Hawa ni watu wawili tofauti, na mmoja hawezi kazi ya mwenzake hata akiapa.
- Fedha za kupoteza shehena mbili. Asiyeweza kupoteza mbili asianze.

## Hatua ya 1: Andika mzigo unaoruka, mwaka mzima

Tanga ina mali nyingi, lakini sehemu kubwa haina sababu ya kupanda ndege. Mkonge utasubiri meli bila kulalamika. Machungwa ya Muheza yanajaza lori na kufika sokoni yakiwa mazima. Mwani mkavu unakaa ghalani miezi. Hizo ni mali za bandari na barabara, na ukizichomeka kwenye hesabu ya uwanja mkaguzi atakugundua kabla ya chai ya saa nne.

Mzigo unaoruka unaharibika upesi, au ni mdogo wenye bei kubwa. Kwetu maana yake ni kaa hai wa mikokoni, kambakochi, kambamiti na jodari wabichi, maharage machanga na njegere za Lushoto, majani ya viungo yaliyokatwa asubuhi, vanila, na sampuli za iliki na mdalasini kutoka milima ya Amani kwa mnunuzi anayetaka kunusa kabla ya kuagiza kontena. Karafuu na pilipili manga zikishakauka ni wasafiri wa meli.

Daftari liwe na safu sita: tarehe, mahali, aina, kilo, bei ya hapohapo, na mzigo ulikoishia. Pita Deep Sea, Kigombe, Moa, Pangani. Panda Lushoto siku za gulio. Usiulize watu wanapata kiasi gani, pima. Ukimwambia mzee wa mwaloni, "Shikamoo mzee, mwapata kilo ngapi kwa wiki?" atakujibu, "Marahaba mwanangu, bahari haina kipimo." Na amesema kweli, ndiyo maana umekwenda na mizani.

Kwa nini mwaka mzima? Kwa sababu bahari yetu ina kalenda yake. Kaskazi ikivuma maji yanatulia na mashua zinatoka. Kusi ikishika, siku nyingi vyombo vinalala pwani. Kaa naye anafuata bamvua: maji yakitoka sana wachokoaji wa kaa wanafika kwenye mashimo ya ndani ya mikoko, na maji mafu yakiingia matenga yanarudi matupu. Maana yake mzigo wa kaa unakuja kwa mawimbi ya wiki mbili mbili, wakati ndege inakuja kila Jumanne. Ratiba ya ndege haijui bamvua. Nyinyi ndio mnaotakiwa kujenga vizimba vya kuwatunzia kaa hai kati ya bamvua na bamvua, na gharama hiyo iandikwe mapema.

Andika uzito mara mbili. Uko uzito wa mizani, na uko uzito wa ujazo: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 6,000. Mwenye ndege anatoza ule ulio mkubwa. Katoni ya sentimita 60 kwa 40 kwa 30 ina uzito wa ujazo wa kilo 12. Ukiijaza majani ya viungo yenye kilo 7, utalipia 12. Ukiijaza samaki na barafu kilo 20, utalipia 20. Wakulima wengi wa mboga za majani wamekimbia biashara hii wakiamini wameibiwa kwenye mizani, kumbe walisafirisha hewa. Dawa yake ni katoni ndogo iliyojaa barabara.

Onyo: usitumie takwimu za mavuno ya mkoa. Tani zilizovunwa sio tani zilizokidhi daraja la kuuzwa nje, na katikati yao kuna chujio kali.

Umefaulu ukiweza kusema, bila kufungua daftari, wiki mbovu kuliko zote ilikuwa na kilo ngapi. Mwenye ndege atakuuliza wiki hiyo. Ile nzuri kila mtu anayo.

## Hatua ya 2: Uone kama bei inabeba nauli

Hatua hii ni fupi lakini ndiyo inayoua miradi mingi. Chukua bei ya mnunuzi kule mwisho, toa bei ya mwaloni au shambani, toa katoni, barafu, ukaguzi, wakala, na sehemu itakayokufa njiani. Kinachobaki ndicho kinacholipa nauli na faida.

Kipimo changu cha ghalani, ambacho hakijaandikwa popote: nauli ya anga ikizidi theluthi ya bei ya mnunuzi, mzigo huo utaruka msimu mmoja kisha utaacha. Vitu vya namna hiyo futa daftarini hata kama vinapendeza. Nilipofuta kabichi mbele ya wakulima niliondoka bila kuagwa.

Umefaulu ukibaki na orodha ya bidhaa nne au tano tu. Ukibaki na ishirini, hukufuta kwa haki.

## Hatua ya 3: Anza na ndege ya magurudumu

Hapa ndipo watu hunikatalia. Kituo cha mizigo kinaweza kuanza kazi bila ndege hata moja kutua. Duniani kote mashirika ya ndege hukusanya mizigo kwa lori katika miji yasikotua, kwa ratiba na kwa hati za ndege. Mzigo unapimwa, unakaguliwa na kuandikiwa hati mjini kwenu, unafungwa lakiri, na lori linaupeleka hadi mlango wa ndege. Kwa karatasi, safari imeanzia Tanga.

Kutoka Tanga hadi Dar es Salaam kwa barabara ni kama kilomita 350, kupitia Segera na Chalinze. Pale Dar es Salaam pana ndege za abiria zenye nafasi tumboni, na Air Tanzania ina ndege ya mizigo mitupu, Boeing 767-300F iliyofika nchini Juni 2023, yenye uwezo wa tani 54. Ukiweza kulisha sehemu ya tumbo hilo kila wiki bila kukosa, umepata historia ya mzigo. Historia hiyo ndiyo itakayoomba lami kwa niaba yako.

Unachohitaji Tanga ni jengo dogo lenye sakafu inayoosheka, vyumba viwili vya ubaridi, meza ya ukaguzi, mizani na lori lenye jokofu.

Nimeandika vyumba viwili kwa sababu ya aibu yangu mwenyewe. Shehena yangu ya kwanza ya kaa hai niliilaza chumba kimoja na samaki waliozikwa kwenye barafu, nikiona ubaridi ni ubaridi. Asubuhi nilikuta kaa wamekunja miguu. Samaki mbichi anataka joto la barafu inayoyeyuka, karibu na nyuzi 0. Kaa hai anataka kivuli, unyevu na ubaridi wa wastani, na barafu inamwua. Maharage machanga yanataka nyuzi 5 hadi 7, ukishusha zaidi yanapata madoa kama ya kutu yanapofika. Chumba kimoja hakiwezi kuwa bwana wa hao wote.

Shehena ya pili ilikufa kwa namna nyingine. Dereva alizima jokofu alipotoka Segera ili dizeli ibaki, akaliwasha tena karibu na Chalinze. Lango lilipofunguliwa Dar es Salaam ubaridi ulikuwa safi, na karatasi zilisema yote yako sawa. Kipima joto ndani ya boksi ndicho kilichotoa ushahidi: saa mbili na nusu za joto katikati ya safari. Tangu hapo naweka kimoja mbele, kimoja katikati, kimoja mlangoni, na dereva anajua vipo.

Panga saa kwa kurudi nyuma. Ndege inaondoka saa fulani, ghala linafunga kupokea saa kadhaa kabla yake, ongeza foleni ya kuingilia jiji, ongeza mizani ya malori ya Vigwaza, ongeza pancha moja. Ukimaliza utagundua kwamba kaa wanatakiwa wawe wamefungwa Tanga jua likiwa bado halijazama.

Onyo: samaki na kaa wafungwe kwenye maboksi yasiyovuja, yenye mfuko ndani na karatasi ya kunyonya maji. Maji ya chumvi hula bodi ya ndege. Boksi moja likivuja tumboni, jina lako litakumbukwa kwa sababu hiyo kwa miaka.

Umefaulu lori likienda wiki kumi na mbili mfululizo bila kukosa ndege hata moja, na mstari wa kipima joto ukiwa umenyooka. Tanga husifiwa kwa ule msemo wa waja leo waondoka leo. Kwa wageni ni utani, kwa mzigo ndiyo sheria yenyewe.

## Hatua ya 4: Walete wakaguzi mlangoni

Mzigo ukikaguliwa Dar es Salaam, boksi linafunguliwa mara ya pili, na kila likifunguliwa joto linaingia. Kwa hiyo lengo ni ukaguzi wote ufanyike Tanga, lakiri ifungwe, na isiguswe tena.

Mazao ya mimea yanahitaji cheti cha usafi wa mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Mazao ya bahari yanapitia wizara yenye dhamana ya uvuvi, ambayo pia ndiyo njia ya kiwanda chako kuorodheshwa kuuza Umoja wa Ulaya. China nayo, tangu Januari 2022, inataka wazalishaji wa chakula wa nje wawe wamesajiliwa na forodha yake. Jambo hili halimalizwi kwa simu moja, lianze mapema. Forodha ni TRA, na Tanga mna bahati: bandari ipo, kwa hiyo maofisa wapo mjini tayari. Kazi yako ni kuwapa sababu ya kuja uwanjani saa kumi jioni.

Kisha usalama wa anga, ulio chini ya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Mzigo wa ndege lazima utoke kwa mtu anayejulikana au upite kwenye skana, na baada ya hapo usiachwe bila mlinzi hata kwa dakika ya kwenda kunywa maji. Kwa mizigo ya Ulaya kuna kibali kiitwacho ACC3, ambacho shirika la ndege hupewa kwa kila uwanja linakopakia. Shirika lenye kibali cha Dar es Salaam halina cha Tanga. Hii ni sababu nyingine ya kuanza na lori: mnatumia kibali kilichopo huku mkijenga chenu.

Wakaguzi waandikieni barua ya pamoja, yenye siku na saa za kudumu. "Kila Jumatatu na Alhamisi saa tisa" inajibiwa. "Tunaomba ushirikiano wenu" inawekwa kwenye faili.

Umefaulu lori likifika Dar es Salaam na lakiri ileile, na boksi halikufunguliwa.

## Hatua ya 5: Jaza ndege ndogo zilizopo

Kwa miaka mingi uwanja wa Tanga umehudumia ndege ndogo za aina ya Cessna Caravan, zinazotuunganisha na Pemba, Unguja na Dar es Salaam. Caravan ikiondolewa viti inabeba kama tani moja. Ni kidogo, lakini kwa kambakochi hai, dawa za hospitali au vipuri vya mashine iliyosimama, tani moja ni fedha. Hoteli za Unguja zinanunua kila siku na hazina shamba la Lushoto.

Faida kubwa ya hatua hii ni mazoezi. Makuli wanajifunza kupakia kwa uzito uliogawanywa sawa, mlinzi anajifunza kutoruhusu shemeji yake kuvuka uzio, karani anajifunza kuandika hati bila kufuta. Makosa hayo yafanyike kwenye ndege ya tani moja.

## Hatua ya 6: Chagua ndege, ndipo upime lami

Sasa, na sio kabla, fungua suala la njia ya kurukia. Swali la "tunahitaji mita ngapi?" halina jibu mpaka useme ndege gani, ikiwa na mzigo gani, kwenda wapi.

ATR 72 ya mizigo inabeba kati ya tani 8 na 9. Ikijaa, usawa wa bahari na joto la kawaida la nyuzi 15, inahitaji kama mita 1,300. Boeing 737-800 iliyogeuzwa kuwa ya mizigo inabeba kama tani 23, nayo ikijaa inataka mita 2,300 au zaidi. Boeing 767 iliyojaa inazidi 2,500.

Namba hizo ni za nyuzi 15, na Tanga hakuna nyuzi 15. Hesabu ya awali inayotumiwa na wapangaji wa viwanja ni kuongeza asilimia 1 ya urefu kwa kila nyuzi moja inayozidi joto la kawaida la kimo hicho. Tuseme wastani wa joto la mchana katika mwezi wa joto kali ni nyuzi 32. Tofauti ni 17. Basi mita 1,300 za ATR zinakuwa 1,521, na 2,300 za 737 zinakuwa karibu 2,700. Maandiko mengi huchukua namba ya kwenye kipeperushi cha mtengenezaji na kuiacha hivyo.

Lakini hesabu hiyohiyo ina habari njema. Kwa kila mita 300 za kimo, unaongeza asilimia 7. Uwanja wa Nairobi uko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, yaani asilimia 37 kwa sababu ya kimo peke yake. Sisi tuko pwani, nyongeza hiyo kwetu ni karibu na sifuri. Ndege inayolazimika kuacha tani kadhaa Nairobi ili ipande hewani inaweza kuondoka pwani imejaa. Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote za Tanga, na sijaiona kwenye andiko hata moja nililoletewa.

Zaidi ya urefu, pima haya:

Uimara wa lami. Tangu Novemba 2024 viwango vya kimataifa vinatumia kipimo kipya kiitwacho PCR badala ya PCN. Andiko lenye PCN litaonekana limenakiliwa.

Eneo la usalama mwisho wa njia. Kiwango cha chini ni mita 90 kupita ukanda wa njia, na linalopendekezwa kwa njia za ndege kubwa ni mita 240, kila upande. Hizo ni mita za ardhi ambazo watu husahau kuziomba.

Zimamoto. Daraja linafuata urefu na upana wa ndege: ATR 72 iko daraja la 5, 737-800 la 7, na 767 la 8. Ndege za mizigo mitupu huweza kupunguziwa kwa idhini ya mamlaka, lakini magari, maji, povu na watu wa zamu bado ni gharama ya kila siku, ndege ije isije.

Taa. Mzigo mbichi huvunwa mchana na husafiri usiku. Uwanja unaofungwa jua likizama hauwezi kuwa kituo cha mizigo mibichi.

Ushauri wangu ni kuanza na ATR. Tani 8 mara tatu kwa wiki ni tani 24. Angalia daftari lako la wiki mbovu: je, unazo? Kama una tani 6, rudi kwenye lori bila aibu.

Umefaulu ukiwa na karatasi moja yenye ndege moja, mzigo mmoja, joto moja, na urefu mmoja unaotokana na hayo. Mhandisi wa TAA, mamlaka ya viwanja vya ndege, ataichana kidogo, na hapo mazungumzo yatakuwa yameanza.

## Hatua ya 7: Ardhi, mazingira na kunguru

Kurefusha njia kunagusa watu. Fidia ikicheleweshwa, wananchi wanajenga upya na tathmini inaanza mwanzo. Wakae na ninyi kuanzia hatua ya kwanza, wenyeviti wa mitaa wakiwemo, na tathmini ya athari kwa mazingira ipelekwe NEMC, baraza la mazingira la taifa, kabla hamjamwalika mwandishi yeyote wa habari.

Nataka nikae kidogo kwenye kunguru, kwa sababu watu hucheka nikiwataja. Kunguru weusi wa mwambao wanafuata utumbo wa samaki na majalala. Jalala lililo ndani ya kilomita 13 za uwanja ni hatari inayotambuliwa kimataifa. Sasa nyinyi mnataka kujenga nyumba ya kufungia samaki pembeni ya njia ya ndege. Ndege mmoja akiingia kwenye injini, safari imekwisha na pengine injini nayo. Samaki watolewe utumbo mwaloni, kamwe sio uwanjani. Mapipa yawe na vifuniko, maji ya kuoshea yaingie kwenye shimo lililofunikwa. Gharama ni ndogo, na mkaguzi wa usalama atawauliza.

## Hatua ya 8: Tafuta mzigo wa kurudi

Ndege inayokuja tupu inalipiwa na anayepakia. Ukisafirisha kaa tu, unalipa safari mbili.

Eldoret, kwa jirani zetu Kenya, ilijengewa njia ya karibu kilomita tatu na nusu. Ndege zilikuja zimejaa bidhaa za Dubai na Mashariki ya Mbali, zikashusha, kisha zikaondoka tupu au zikaruka hadi Nairobi kutafuta maua. Lami haikuwa tatizo. Uwanja wa Songwe kule Mbeya una zaidi ya kilomita tatu za njia na umezungukwa na nchi ya maparachichi, lakini maparachichi yanakwenda kwa lori hadi bandarini, kwa sababu bei yake inapenda meli.

Kwa Tanga, tazama vipuri. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, hapahapa Tanga, baada ya kilomita 1,443, na vituo vya namna hiyo vikikosa kifaa kimoja havisubiri meli. Tazama dawa, simu, vifaa vya maabara. Halafu tazama barabara: Moshi na Arusha upande mmoja, mpaka wa Horohoro upande mwingine. Neno kanda lina maana kama mzigo unaoshukia kwetu unaendelea kwenda kwa watu wasio wa Tanga.

Onyo: uwanja wa Mombasa uko karibu nasi kuliko ule wa Dar es Salaam, na wenyewe tayari una njia ndefu. Mnunuzi mwerevu ataupima. Msishindane nao kwa mita, shindaneni kwa saa: mzigo wa Tanga uliokaguliwa Tanga hauvuki mpaka.

Mafuta ya ndege pia yaingie kwenye hesabu hii. Bandari ya Tanga inapokea mafuta kwa meli. Kama ya ndege yatalazimika kutoka Dar es Salaam kwa tangi, rubani atajaza kwingine na kutua kwenu akiwa mzito, na uzito huo ni mzigo wenu uliobaki chini.

## Hatua ya 9: Andiko, sasa

Omba barua kutoka kwa mwenye ndege inayotaja aina ya ndege, idadi ya safari kwa wiki na tani anazotaka zihakikishwe. Barua ya "tuko tayari kushirikiana" irudishe kwa heshima na uombe nyingine. Omba pia barua za wenye mzigo, zenye kilo na miezi, na mkubaliane faini kwa asiyeleta. Bila faini, siku bei ya soko la Mgandini ikipanda, samaki watabaki Mgandini.

Kisha andika, kurasa zisizidi kumi na tano. Ukurasa wa kwanza uwe na namba tatu peke yake: kilo za wiki mbovu, idadi ya safari za lori zilizofika bila kukosa ndege, na urefu wa njia kwa ndege moja uliyoichagua. Picha ya ndege itoe. Mahali pake weka karatasi ya kipima joto ya safari ya mwisho, na utie saini ya dereva.